SOMO: Usiunge honi na amplifaya moja kwa moja kabla ya kusoma hapa

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa mara tano: "Nimetoa krosova ya ndani ya boksi, kila spika nimeipa amplifaya yake, honi imekufa siku ya kwanza. Tatizo nini?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Krosova ni kigawa sauti: besi inaipeleka kwa spika ya besi, sauti za juu kwa honi. Ukitoa ile ya ndani, ugawaji unafanywa na krosova ya nje, inayokaa kabla ya amplifaya. Ile ya ndani ilikuwa na kapasita mbele ya honi, inayopitisha sauti za juu na kuzuia besi na DC (umeme usiobadilika mwelekeo). Ulipoitoa, umemtoa mlinzi. Mshindo wa kuwasha, DC ya transista iliyokufa, vyote sasa vinaingia kwenye koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) bila kupingwa.

1. Pima DC kwenye matokeo ya amplifaya, spika ikiwa haijaungwa. Milivolti makumi kadhaa ni kawaida. Ukiona volti nzima, mpelekee fundi.

2. Weka kapasita moja, isiyo na chanya wala hasi, kwenye waya wa honi. Kwa honi ya ohm 8 ambayo krosova inaipa sauti kuanzia 1600 Hz kwenda juu, 47 µF ya volti 100 inatosha: yenyewe inakata karibu 420 Hz, kwa hiyo haigusi sauti unayoisikia.

3. Hakikisha waya za krosova ya nje zimeingia amplifaya sahihi KABLA ya kuunga honi. Hapa ndipo nilipoumia. Tulikuwa tunafunga mziki wa harusi, jua linazama, watu wameshaanza kuingia. Nikachomeka waya wa besi kwenye amplifaya ya honi. Nyimbo haikufika hata nusu dakika. Nilisikia mkwaruzo, halafu harufu ya vanishi inayoungua, halafu kimya. Nilipofungua, koili nyembamba kama uzi wa kushonea ilikuwa nyeusi, imeachana na gundi yake. Honi ya pili ikafa vilevile, maana niliamini ya kwanza ilikuwa mbovu na sikukagua waya.

Kwa hiyo: chukua spika kuukuu ya redio, iunge mahali pa honi, fungua sauti kidogo sana. Ukisikia "tss tss" peke yake, sawa. Ukisikia hata chembe ya besi, zima. Na waya zifunge tepu za rangi, nyekundu honi, bluu besi. Usitegemee kumbukumbu usiku.

4. Kwa boksi la besi lenye tundu, weka krosova izuie sauti zilizo chini ya masafa ambayo tundu lake limetengenezewa. Chini ya hapo hewa haiishikilii koni tena, inaruka hadi koili igonge nyuma.

5. Weka limita, yaani kizuizi cha sauti isizidi kiwango. Honi ya wati 50, ohm 8: 50 × 8 = 400, kipeuo chake 20. Basi mwisho ni volti 20. Amplifaya ikikuza mara 40, usiruhusu zaidi ya volti 0.5 kuingia.

6. Amplifaya huwashwa mwisho, huzimwa kwanza. Umeme ukikatika, zizime kwa mkono kabla haujarudi.

MASWALI

Mdau wa Tanga: Mkuu, nipe settingi za krosova yangu.
— Hujataja honi, ohm wala wati. Soma karatasi ya honi yako kwanza.

Mdau wa Mbeya: Nimeweka kapasita, honi imeungua bado. Somo lako halifanyi kazi.
— Limita uliweka? Kapasita inazuia DC na besi. Haizuii wati zilizozidi. Hatua ya 5 ipo hapo juu.

Mdau wa Morogoro: Samahani kaka, amplifaya ya besi ikizidiwa hadi sauti ipasuke, honi nayo inaumia?
— Swali zuri. Kwenye boksi la kawaida, ndiyo: sauti ikipasuka inazaa masafa ya juu, na krosova ya ndani inayasukumia honi. Kwenye mfumo huu yanabaki kwa besi, kwa kuwa honi ina amplifaya yake. Ndiyo maana mimi napenda kazi hii. Ila koili ya besi yenyewe bado inapata joto, usiiachie.

Mdau wa Morogoro: Na kapasita za 47 µF huku sizipati. Ya feni je?
— Ya feni ya dari ni 2 au 3 µF, itakukatia karibu sauti yote. Tafuta ya kompresa ya kiyoyozi (AC), ile ya kukimbiza mota, si ya kuwashia. Haina chanya wala hasi, na volti inazo za kutosha.

Mdau wa Morogoro: Nimepata 40 µF kwa fundi friji.
— Chukua. Inakata kama 500 Hz, bado mbali na 1600. Ni nzito, ifunge kwa klipu isicheze ndani ya boksi.