Kabla hujatuma hela ya kiwanja kwa sababu "mfumo umekubali"

Majina kwenye kitambulisho chako cha NIDA yawe yaleyale unayotaka yaandikwe kwenye hati. Namba ya simu unayojisajilia kwenye mfumo wa ardhi wa mtandaoni iwe yako, si ya dalali. Kiwanja kakione mchana, na bikoni, yale mawe ya mipaka, uziguse kwa mkono.

Halafu upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za serikali kujua kiwanja ni cha nani. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipoumia.

Baba mdogo alipata kiwanja Kibada, Dar es Salaam, kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Eneo limepimwa, tukaona hapa hakuna maneno. Muuzaji kijana mstaarabu, simu yake kioo kimepasuka, akatufungulia risiti za kodi ya pango la ardhi mwaka hadi mwaka, zote za kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini. Mimi ndiye niliyejifanya mjuzi wa mitandao. Nikahakiki, deni hakuna. Nikasema, "Baba, mfumo umekubali."

Jina kwenye risiti halikuwa lake. Akadai ni la marehemu baba yake, mirathi iko mwishoni. Tukameza. Baba mdogo akalipa, akamwaga kokoto tripu mbili.

Miezi minne baadaye akaja mama mmoja na hati kwenye mfuko wa nailoni. "Marehemu" ni mumewe, mzima wa afya, yuko kazini Mwanza. Kijana ni mpwa wao, alikuwa akitumiwa hela ya kulipia pango. Risiti zilikuwa halali kabisa! Mfumo hauulizi anayelipa ni nani. Ukiwa na namba, hata mimi waweza kunilipia. Kokoto bado ziko pale.

Kwa hiyo omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ulipie mwenyewe, majibu uyapokee mwenyewe. Utajua mmiliki ni nani, kama kuna rehani, kama kuna zuio. Ukiambiwa mirathi, taka barua ya usimamizi, kisha nenda mahakama iliyoitoa ukaulize. Nyumba ya familia, mwenza asaini. Manzese au Tandale ukionyeshwa leseni ya makazi, hiyo ina muda wake na si hati. Barua ya serikali ya mtaa nayo si hati.

Anayetaka umtumie ada kwenye namba yake binafsi, achana naye. Mtandao ukigoma, rudi kesho. Na dalali akikuharakisha kwamba kuna mtu wa Kariakoo anakuja jioni na keshi, mwache huyo wa Kariakoo akinunue.