Jinsi ya kumweleza fundi kasoro ya ukuta wako ukiwa mbali na saiti

Shemeji yangu anajenga Buhongwa, Mwanza, huku kazi yake iko Geita. Alimtumia fundi ujumbe: "Ukuta wa sebuleni uko rafu, rekebisha." Fundi akapiga msasa kutwa nzima. Kumbe ukuta ulikuwa na mawimbi, na mawimbi hayatoki kwa msasa. Kwangu "rafu" ni neno la kufuta kabisa kwenye mazungumzo ya ujenzi. Linabeba kasoro tano au sita, kila moja na dawa yake na bei yake.

Hatua ya 1. Subiri lipu ikauke. Mbichi inadanganya.

Hatua ya 2: kiganja. Pitisha kiganja kikavu ukutani, bila glovu. Kikitoka na mchanga, andika "inapukutika chenga". Hapo saruji ilikuwa haba au lipu haikumwagiliwa (mimi namwagilia siku 7, nisibishiwe), na msasa utaipukutisha zaidi. Kiganja kikikwaruzwa lakini kikatoka kisafi, usilalamike: ndivyo kibao cha mbao cha kusawazishia lipu kinavyoacha ukuta, na skimu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta kabla ya rangi) inashika vizuri hapo. Ukigusa vitu vidogo vigumu kama punje za uwele, hivyo ni vipele, mchanga haukuchekechwa vizuri. Vikiwa kwenye rangi, shuku vumbi au brashi chafu. Vikubwa unavyoweza kuvishika kwa vidole ni mabonge. Yanabanduliwa kwa tindo kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 3: mawimbi. Hapa ndipo watu wanapotezeana siku. Kiganja hakiyaoni mawimbi, maana mkono unapanda na kushuka nayo. Ngoja giza liingie, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa ukuta mwanga utambae juu yake. Vivuli vitajitokeza.

Sasa usipige simu kwa hasira. Tochi inakuza mambo. Hata ukuta mzuri utauona kama vilima vya Isamilo. Mwamuzi ni rula ya alumini ya mita 2. Ya mbao siitaki, inapinda kwa unyevu. Hata hiyo ya alumini ikague kwanza: funga jicho moja, tazama ukingo wake kuanzia ncha moja hadi nyingine, kwa sababu rula nyingi za saiti zimeshatumika kupandia jukwaa. Kisha iweke wima, mlazo na mshazari. Chora kwa penseli kila mahali mwanga unapopita chini yake.

Njiti ya kiberiti isipopita, skimu itafunika. Ikipita kwa ulaini, usikubali kuambiwa "skimu itaficha". Skimu ni tabaka la milimita chache, ukiijaza nene inapasuka. Pia tofautisha: shimo moja pana ni bonde, mwinuko mmoja ni nundu, na vyote viwili vinatibiwa hapohapo. Ukiandika "mawimbi" unamwambia fundi ukuta mzima unapanda na kushuka, na huenda lipu ikarudiwa. Kando ya boksi za swichi karibu kila nyumba ina kanundu, hako kahesabu peke yake.

Hatua ya 4: kasoro za maji. Rangi iliyovimba ni malengelenge, inayobanduka vipande ni magamba. Nyumba za mlimani, kama Igogo na Mabatini, ukuta wa nyuma mara nyingi umeegemea mwamba. Mvua inateremka juu ya jiwe na maji yanatuama katikati. Toboa lengelenge moja. Ukikuta unyevu au chumvi nyeupe, usinunue rangi. Mwambie fundi aanze na mfereji wa nyuma.

Hatua ya 5: ujumbe. Taja mahali, kasoro, kipimo. Mfano:

"Habari za kazi fundi. Sebuleni, ukuta wa dirisha, kuna mawimbi kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu, njiti ya kiberiti inapita chini ya rula. Karibu na mlango kuna mabonge matatu. Chumba cha watoto ni vipele tu. Naomba uangalie kisha uniambie gharama kabla hujagusa."

Ambatisha picha, na uzime mwanga wa kamera. Mwingine ashike tochi ubavuni, la sivyo ukuta utatoka laini kama kioo na fundi atakuuliza unalalamikia nini.