Kuchagua ruta ya kuwekea OpenWrt, na kuiandalia programu ikiwa bado haijatambuliwa

Anayetaka kuweka OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta uliojengwa juu ya Linux, katika ofisi ya SACCO mjini Mbale au shuleni Gulu aanze na lebo ya ruta, si antena zake. Muuzaji wa Kampala atakusifia antena nne. Wewe omba ruta itolewe kwenye boksi, uigeuze, usome modeli pamoja na toleo la maunzi, yaani ile v2 au v4 iliyochapishwa kwa herufi ndogo. Watengenezaji hubadilisha vya ndani na kuacha ganda na jina vilevile. Linksys WRT54G, ambayo msimbo wa programu yake ulitolewa hadharani mwaka 2003 na kuzaa OpenWrt, ilipofika toleo la 5 ilipunguziwa flashi (hifadhi ya kudumu ya programu) hadi MB 2 na RAM (kumbukumbu ya muda) hadi MB 8, ikaacha kutumia Linux.

Ukishajua toleo, litafute katika jedwali la vifaa la OpenWrt. Flashi ya MB 16 na RAM ya MB 128 ndicho kiwango ninachokiona cha chini kwa anayenunua leo. Zile za flashi ya MB 4 na RAM ya MB 32, hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa, hazipokei tena matoleo mapya. Kwa upande wa chipu, MediaTek na Atheros za zamani zina draiva (programu ya kuendeshea chipu) huria za Wi-Fi, ilhali nyingi za Broadcom hazina, nazo ni afadhali kuziepuka.

Kwa kuwa umeme wetu hukatika, ruta ya volti 12 ina faida ya kufanya kazi kwa betri ya sola, ila weka kidhibiti volti katikati, maana betri inapochajiwa hupita volti 14. Katika mipangilio ya Wi-Fi, chagua UG kuwa msimbo wa nchi.

Ikiwa ruta haimo katika jedwali na unataka kuiandalia programu mwenyewe, ifungue utafute matundu manne yaliyopangana kwenye bodi: hayo mara nyingi ndiyo mlango wa siriali, ambao kompyuta husomea ujumbe wa ruta na kuipa amri. Kwa maltimita, tundu linaloungana na upande hasi wa soketi ya umeme ni GND (ardhi). Linalotulia kwenye volti 3.3 ni VCC (umeme), nalo usiliunganishe na kitu. Linaloyumba ruta inapowaka huwa ni TX (kutuma), na lililobaki ni RX (kupokea). Tumia adapta ya USB-TTL, inayounganisha siriali na kompyuta, ya volti 3.3, si 5, ukipeleka TX ya ruta kwenye RX ya adapta, na kinyume chake. Kasi ya kawaida ni biti 115200 kwa sekunde.

Kabla ya kuandika chochote, nakili flashi yote na uihifadhi nje ya ruta. Sehemu yenye vipimo vya redio ni ya ruta hiyo peke yake. Ikifutika, hakuna pa kuipakua.

Kisha, kupitia U-Boot (programu inayoiwasha ruta) na seva ya TFTP (ya kupitishia faili kwenye mtandao) kwenye kompyuta yako, pakia toleo la OpenWrt la initramfs, linaloishi ndani ya RAM tu, ili kosa lolote liondoke ukizima ruta. Hapo ndipo utunge faili ya DTS, inayoielezea Linux maunzi ya ruta, ukianzia na ya ruta yenye chipu ileile, na kurekebisha taa, vitufe na mgawanyo wa flashi. Mgawanyo huo uulinganishe, mstari kwa mstari, na ule ulioonyeshwa na siriali wakati programu ya kiwandani ilipokuwa ikiwaka, kisha ndipo uandike kwenye flashi.