Tambi za Mboga Mbichi kwa Joto la Kaskazi

Januari na Februari hapa Tanga jikoni hapakaliki. Jua la saa sita likishapiga bati, ukiwasha mkaa umejitafutia jasho la bure, na hao unaowapikia wenyewe watakwambia hawana njaa. Njaa wanayo, ila wali wa moto haupiti kooni. Miezi hii kinachohitaji moto nakimaliza alfajiri. Mchana naweka mezani sinia la mboga mbichi zilizokatwa nyuzi ndefu kama tambi, zikachanganywa na karanga za kutwanga na ukwaju. Mtu anakula anashiba, na anaweza kurudi kazini bila kusinzia.

Kachumbari tunaijua sote, na ukishaijua hiyo nusu ya kazi hii unaiweza. Tofauti ni kwamba kachumbari inasindikiza chakula, na hizi tambi ndizo chakula chenyewe. Ndiyo maana zinataka karanga nyingi, na ndiyo maana lazima zikae kavu, zisiogelee kwenye maji yake. Nitalirudia hili la maji kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Kwa watu wanne chukua papai bichi moja la kilo moja hivi, karoti tatu nene, matango mawili, embe bichi moja, kitunguu maji kimoja na fungu la giligilani. Mnanaa ukiwa nao, weka. Sosi inataka kikombe kimoja cha karanga, donge la ukwaju la kujaa kiganja cha mtoto, ndimu mbili, kipande cha tangawizi, nusu ya pilipili mbuzi, sukari kijiko kimoja cha chakula, na chumvi.

Papai liwe la kijani kote na gumu, na ukilikwaruza kwa ukucha litoe utomvu mweupe. Likishaanza unjano kwa ndani, nyuzi zake zinapondeka. Hilo liache liive. Karoti za Lushoto zinashuka kwa wingi soko la Mgandini, na watu hugombea zile nyembamba kwa kuwa ni nzuri machoni. Wewe chagua nene, zilizonyooka. Karoti nyembamba inavunjika mkononi kabla hujapata uzi wa maana. Tango liwe jembamba la kijani. Lililonenepa na kupiga njano mbegu zake zimekomaa. Embe mimi napenda dodo lisiloiva, lile linalokatika "ka!" chini ya kisu na kukufanya ufumbe jicho kwa uchachu.

Nyumbani kukiwa na mjamzito, papai bichi liondoe kabisa, maana utomvu wake unaweza kuchochea mji wa mimba kubana. Weka kabichi iliyokatwa nyembamba sana, au ongeza karoti na embe. Sinia halipungui kitu.

Kuosha usikufanyie haraka. Chakula hiki hakipiti motoni, kwa hiyo uchafu wowote unaoingia nao jikoni unafika mdomoni. Osha mboga zikiwa na maganda yake kwa maji yanayotiririka, uzisugue, kisha menya, halafu suuza tena kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Giligilani itenganishe shina kwa shina, kwa sababu mchanga unajificha pale majani yanapoungana. Na ubao uliokatia samaki asubuhi usiuguse; tafuta mwingine, au uoshe kwa sabuni na maji ya moto kwanza. Kipindupindu na homa ya matumbo havichagui nyumba.

Sasa kukata. Kikwaruzio cha karoti kiache kabatini. Kinaponda mboga, kinatoa vipande vifupi vilivyolowa, na ladha yote inabaki kwenye maji chini ya bakuli. Unachotaka ni uzi mrefu wenye pembe, unaolia unapotafuna.

Anza na papai. Jipake mafuta kidogo mikononi, utomvu usikuwashe, menya, kisha suuza. Lishike kwa mkono wa kushoto, tako lake likae kiganjani, na kwa makali ya kisu kizito ulipige mikato ya kushuka, kutoka juu kwenda chini, iliyokaribiana, ikiingia kama nusu sentimita tu. Upande mmoja ukishajaa mikato, laza kisu uchonge kwa juu juu. Nyuzi zitaanguka zenyewe kwenye beseni, ndefu, moja moja. Geuza papai, rudia. Ukianza kuziona mbegu nyeupe, hapo nyama imekwisha. Hivi ndivyo wanavyokata Wathai kwa ajili ya som tam, saladi yao ya papai bichi, na sijaona njia inayoishinda. Kama mkono wako haujazoea kisu, usilishike hewani: lilaze ubaoni juu ya kitambaa kibichi lisiteleze, ukate polepole. Au tumia kile kifaa cha kumenyea viazi chenye meno, kinachotoa nyuzi badala ya maganda; maduka mengi ya vyombo yanacho na bei yake haitishi.

Karoti ni rahisi zaidi. Kwa kimenyeo cha kawaida vuta utepe mmoja mmoja kutoka kichwani hadi mkiani. Panga tepe sitasita, moja juu ya nyingine, uzipasue kwa urefu. Tango lifanyie vilevile, lakini ukizunguka pembeni tu. Ukifika penye mbegu simama. Kile kiini ndicho chenye maji mengi, ukile mwenyewe jikoni na chumvi kidogo. Embe likate vipande vyembamba kuzunguka kokwa, kisha nyuzi.

Nyuzi za papai zitumbukize kwenye maji baridi sana, yenye barafu ikipatikana, kwa dakika kumi. Zinakakamaa, na utomvu uliobaki unatoka. Chuja, kamua taratibu, zitandaze juu ya kitambaa safi.

Tango ndilo lenye shughuli. Karibu asilimia 95 ya tango ni maji, na chumvi inayavuta nje. Ukilitia kwenye sinia likiwa vile vile, baada ya robo saa utakuta dimbwi chini na sosi yako imegeuka maji ya matope. Kwa hiyo yatoe mapema kwa makusudi: tia nyuzi za tango kwenye chujio, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi, changanya, uache dakika ishirini. Halafu zifunge kwenye kitambaa ukamue. Utashangaa kikombe kinavyojaa. Onja, chumvi ikizidi suuza mara moja na ukamue tena. Karoti na embe usizitie chumvi kabisa, zitaipata kwenye sosi. Kitunguu kikate pete nyembamba, kifikiche na chumvi, kisuuze, kama cha kachumbari.

Wakati tango linatoa maji, loweka ukwaju kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, uuminye, uchuje mbegu. Karanga zikaange kavu tangu alfajiri kwa moto mdogo hadi zinukie na maganda yaachie, uzipepete. Zichague kabla ya kukaanga: iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi itupe, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haimalizwi na kikaango. Robo yake weka pembeni, uzipasue nusu nusu. Zilizobaki zitwange kwenye kinu pamoja na tangawizi, pilipili, sukari na chumvi hadi mafuta yaanze kutoka na mchi uwe mzito. Hapo mimina ukwaju kidogo kidogo huku ukisaga, kisha ndimu. Iwe nzito kama uji wa mgonjwa, itiririke kwenye kijiko lakini iache alama. Ionje peke yake: inatakiwa ikuzidie kidogo kwa uchachu na chumvi, kwa kuwa mboga zitaipooza.

Usiogope wingi wa karanga. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta na robo hivi ni protini; ndizo zinazofanya mtu ashibe. Tena ile rangi ya karoti, ambayo mwilini hugeuka kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikikutana na mafuta.

Kuchanganya ni kwa mkono uliooshwa, si kwa mwiko, na ni pale watu wameshanawa wanasubiri. Papai, karoti na embe kwanza, na theluthi mbili za sosi. Inua nyuzi kutoka chini, ziachie, inua tena, mpaka kila uzi umepata. Tango na kitunguu vifuate, kisha giligilani na mnanaa uliochanwa kwa vidole. Sosi iliyobaki weka kwenye kibakuli pembeni, na zile karanga zilizopasuliwa zimwage juu. Sinia usilibebe dakika kumi ukitafuta picha nzuri ya simu. Liende mezani.

Mimi huweka kando pweza aliyechemshwa alfajiri, akakatwa vipande na kukamuliwa ndimu. Utamu wake na ukwaju vinapatana sana. Pweza akiwa ghali, dagaa wakavu waliokaangwa wakakauka wanafaa, au mayai ya kuchemsha. Chapati ukiila na sinia hili haina ubaya, lakini wali usiupike. Ukipika wali watu watakula wali.

Zikibaki nyuzi ambazo hazijatiwa sosi, zifunike ndani ya friji kwa kitambaa kikavu juu yake, tango na papai vyombo tofauti, na zitakufaa kesho mchana. Sosi nayo inalala vizuri kwenye chupa. Ikishika sana, ilegeze kwa ndimu. Zilizokwisha changanywa hazilali. Mwite jirani mle ziishe.