Kinga maji kwenye kiwanja cha mteremko: namna ya kulichimba kabla mvua za Kigoma hazijaanza

Nyumba iliyojengwa mlimani, iwe Mwanga au Bangwe hapa Kigoma, hupokea maji ya aina mbili: yanayoinyeshea yenyewe na yanayoshuka kutoka viwanja vya juu. Hayo yanayoshuka ndiyo yanayochimbua msingi. Eneo la mita 20 kwa 30 lililo juu yako likipata mvua ya milimita 50, limepokea lita 30,000. Sehemu itanywewa na ardhi, lakini pale ambapo udongo umekanyagwa ukawa mgumu, kiasi kikubwa kitakushukia.

Wengi huchimba mtaro mmoja ulionyooka kutoka juu hadi barabarani. Huko ni kujichimbia korongo. Maji yakipewa mteremko wote hushika kasi, hukwangua sakafu ya mtaro, kuta zake hudondoka, na baada ya misimu michache unahitaji daraja kuingia kwako. Maji yakatishwe kiubavu kwa kinga maji, yaani mtaro unaokatiza mteremko juu ya nyumba, yasogee taratibu hadi mahali ulipochagua wewe.

Mvua hapa huanza mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo Septemba uwe na jembe mkononi. Kwanza soma alama za msimu uliopita: mchanga uliolundikana, mizizi iliyobaki wazi, mstari wa tope ukutani. Alama hizo zitakuonyesha maji yanakoingilia.

Usipime kwa macho. Mlimani macho hudanganya kabisa. Tengeneza fremu ya umbo la A: miti miwili ya mita 2, miguu ipanuliwe mita 2, na mti wa kukatiza wa kama mita 1.2. Kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha fremu, weka alama pale uzi unapokatiza ule mti, kisha geuza miguu ibadilishane nafasi na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Sasa pigilia kipande cha ubao cha sentimita 2 chini ya mguu mmoja. Mguu huo ndio utangulie kila mara, upande maji yanakokwenda. Uzi ukitulia katikati, umepata mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, na huo unatosha kwa mtaro wa udongo. Piga kigingi, songa mbele.

Kinga maji lipite upande wa juu wa mteremko, angalau mita 3 kutoka ukuta wa nyumba. Upana wa juu uwe sentimita 60, wa chini 30, kina 40. Kuta zilale, ukizisimamisha wima zitaporomoka mvua ya kwanza. Udongo wote utupwe upande wa chini, ushindiliwe uwe tuta, na juu yake upandwe mchaichai au vetiva (nyasi za kushika udongo), shina hadi shina sentimita 15. Panda mvua zikishaanza, maana miche ya Septemba itakauka.

Mwisho wa mtaro ndipo kazi nyingi huharibika. Ukiuishiliza ukutani kwa jirani umemhamishia balaa, na ugomvi utakuwa wa haki. Kaeni pamoja kabla ya kuchimba, mitaro iungane hadi kwenye mtaro wa mtaa. Pale inapobidi kushuka, weka vizuizi vya mawe vya sentimita 30, katikati viwe chini kuliko pembeni ili maji yasizunguke na kula kingo. Kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10, kizuizi kiwe kila baada ya mita 3: kilele cha kile cha chini kilingane na kitako cha kile cha juu. Chini ya kila kimoja tandaza mawe, la sivyo maji yanayodondoka yatachimba shimo na kizuizi kitaanguka.

Maji ya paa yana njia yake. Bati la mita 8 kwa 10 kwenye mvua hiyo hiyo ya milimita 50 hutoa lita 4,000. Kama huna gata, tandika kokoto upana wa sentimita 40 chini ya ukingo wa bati, na ardhi inayozunguka nyumba ishuke sentimita 5 kwa kila mita, hadi mita 3 kutoka ukutani.

Chini ya nyumba, kuanzia mita 5, maji haya yanaweza kulisha migomba. Chimba mfereji ulio sawa kabisa (ondoa kile kibao kwenye fremu), upana sentimita 80 juu na 40 chini, kina 40, urefu mita 12. Unabeba karibu lita 2,900. Panda migomba upande wa chini wa tuta la udongo uliochimbwa. Acha mdomo wa kumwagia, upana sentimita 60, uliojengewa mawe, sentimita 10 chini ya kilele cha tuta. Bila mdomo huo, maji yatachagua penye unyonge na kupasua tuta zima.

Lakini jaribu udongo kwanza. Chimba kishimo cha sentimita 30, jaza maji, yakauke, jaza tena. Baada ya saa moja yakiwa hayajashuka hata sentimita 2.5, usichimbe mfereji wa kutuamisha hapo. Maji yasikae zaidi ya siku mbili, maana dimbwi linalokaa wiki au zaidi hulea mbu, na malaria kwetu haihitaji msaada. Vilevile usiyatuamishe juu ya nyumba wala juu ya choo cha shimo, na mteremko ukizidi mita 15 kwa kila mita 100, usiyatuamishe popote: udongo uliolowa unaweza kuporomoka wote.

Baada ya kila mvua kubwa pita na chepe. Mchanga uliojaa mtaroni urudishe juu ya tuta. Ukifika sentimita 10, robo ya kina imeshapotea.