Jinsi ya Kusikiliza Asubuhi ya Baridi Kijijini Molo
Julai na Agosti, baridi inapokaza juu ya mashamba ya viazi, ndiyo miezi bora ya kusikiliza kijiji cha eneo la Molo, Kenya. Amka kabla ya saa kumi na mbili, vaa sweta nzito, kisha simama mbali na miti inayodondosha umande, kwa maana matone hufunika sauti ndogo. Baada ya usiku mtulivu, hewa iliyo karibu na ardhi huwa baridi kuliko iliyo juu yake, na tofauti hiyo hupinda mawimbi ya sauti na kuyarudisha chini. Ndiyo sababu punda wa ng'ambo ya bonde husikika kana kwamba yuko langoni. Simu izime kabisa. Anza na sauti za mbali, kama kelele za ndege aina ya kwarara wanaporuka, kisha uje kwenye za karibu: maziwa yanayogonga ndoo tupu kwa mlio mkali, ambao huwa mzito kadiri povu linavyopanda. Huo, kwa maoni yangu, ndio unaostahili subira zaidi. Mabati yakianza kualika kwa joto la jua, pumzika, urudi jioni anga likiwa wazi.