Kutunza Mpilipili kwa Miaka Kadhaa Nyumbani

Wengi hung'oa mpilipili mara mavuno yanapopungua, ilhali pilipili kichaa ni mmea wa kudumu ambao, katika maeneo yasiyo na baridi kali kama pwani ya Tanzania na Kenya, huweza kuzaa kwa miaka kadhaa ukitunzwa.

Kazi kubwa ni kupogoa. Mavuno makubwa yakiisha, chagua siku kavu kabla ya masika, kwa kuwa vidonda vibichi vikinyeshewa mfululizo huoza kwa urahisi. Futa kisu kikali kwa spiriti, ondoa matawi makavu, kisha fupisha yaliyobaki hadi kama sentimita 30 kutoka ardhini, ukikata kwa mshazari juu kidogo ya kifundo, mahali ambapo kijicho cha kijani kimeanza kujitokeza. Acha majani machache. Mti uliokatwa ukabaki mtupu huchelewa sana kuchipua.

Baada ya hapo weka samadi iliyooza na matandazo ya nyasi, vyote mbali kidogo na shina.

Kagua chini ya majani kila wiki. Vidukari huondoka kwa maji ya sabuni, lakini mti wenye majani yaliyojikunja na kudumaa kwa virusi hauponi: ung'oe bila huruma, uuchome moto.